Namna ya Kukosa Kombe kwa Heshima

Mwalimu, umekabidhiwa kikundi. Hukuomba. Kikao cha walimu kilikuwa kinaelekea mwisho, mtu akataja UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, mwingine akasema vijana ndio wanaojua kucheza, na macho yote yakakugeukia wewe. Sasa una watoto ishirini wa kike na wa kiume, ngoma mbili zenye ngozi iliyolegea, spika ya kuazima, na wiki chache kabla ya kupanda mlima kutoka Lupingu kwenda Ludewa mjini na, mkivuka hapo, Njombe au Makambako.

Kila mtu anataka kitu kwako. Mwalimu mkuu anataka picha akiwa ameshika kombe. Diwani anataka kata yake itajwe kwenye kipaza sauti. Mama wa mtoto wa safu ya pili anataka mwanawe awe safu ya kwanza. Hakuna hata mmoja aliyekuambia watoto wavae nini, wacheze nini na watazamwe vipi. Hayo wamekuachia, na hayo ndiyo kazi yenyewe.

Nitakupa njia za mkato. Baadhi ni hila tupu, na nakuomba uzitumie bila kujionea haya, kwa sababu anayelindwa nazo ni mtoto. Kombe linaweza kuja, linaweza lisije. Jiandae kulikosa vizuri.

1. Kubali kwamba unapenda makofi

Usijidanganye kwamba wewe uko juu ya hayo. Unayapenda, kama mimi, kama mwalimu mkuu. Ukishakubali, utaiona hatari mapema.

Hatari ni hii. Njia ya haraka kuliko zote ya kupata makofi katika uwanja wowote wa Tanzania ni kumfundisha msichana wa darasa la tano kukata mauno. Mweke mbele, mfunge kanga kiunoni, mwambie ageuke awape watu mgongo. Uwanja utasimama. Wanaume watapiga miluzi, wanawake watapiga vigelegele, mshereheshaji ataomba irudiwe. Utahisi umefanikiwa.

Sikiliza vizuri miluzi ile. Haipigiwi alichojifunza mtoto. Inapigiwa kiuno, na mtoto wa miaka kumi na mmoja hana namna ya kujua tofauti. Anachojua ni kwamba akifanya hivi watu wazima humpenda. Umemfundisha hilo wewe, kwa muda wa mazoezi wa shule, na atalibeba hadi ukubwani.

Kwa hiyo weka sharti lako mwenyewe kabla hujaanza: hakuna mtindo utakaomfundisha mtoto ambao ungeona aibu kuusimamia akiucheza peke yake mbele ya babu yake. Sharti hili halihitaji kamati. Ukilishika, nusu ya kazi imekwisha.

2. Poteza flashi

Watakuletea flashi yenye nyimbo. Ipokee kwa mikono miwili, shukuru, iweke kwenye droo, funga.

Sisemi nyimbo zile ni mbaya. Nyingi zimetungwa na watu wazima kwa ajili ya watu wazima, na huko kwao zina haki yake. Lakini zikiingia shuleni zinamletea mwalimu balaa asilolihitaji. Mwaka 2016 serikali iliifungia video ya wimbo wa Chura wa Snura kwa ajili ya uchezaji wake, na bado watoto mitaani waliendelea kuucheza, kwa sababu kufungia video hakumpi mtoto kitu kingine cha kucheza. Mwaka 2023 huko Tunduma, walimu wakuu walivuliwa madaraka baada ya kusambaa kwa video ya wanafunzi wakicheza Honey ya Zuchu. Nchi nzima ilibishana: kosa la nani, mwalimu, msanii au mzazi? Wakati watu wanabishana, ile video ya watoto ilikuwa inazidi kupita simu kwa simu.

Usisubiri kufika huko. Wala usitoe hotuba dhidi ya bongofleva. Watoto watakuona mzee na wataicheza nyuma ya choo. Fanya jambo jepesi zaidi. Wape kitu kinachowachosha na kuwapa sifa, kiasi kwamba flashi wataisahau wenyewe.

3. Iba kwa mababu

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo ulipo utajiri wako na hujauona.

Wewe uko mwambao wa Ziwa Nyasa. Pande zote za ziwa hili, kwetu na ng'ambo Malawi, kuna mganda, ambao wengine huuita malipenga. Mganda ulizaliwa kwenye gwaride. Wanaume waliotumikia jeshi la kikoloni la KAR wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia walirudi vijijini na hatua za askari miguuni, wakazigeuza ngoma, kama wenzao wa pwani walivyofanya kwa ngoma ya beni. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni na ndugu zake mwaka 1975. Badala ya tarumbeta za shaba walizokuwa wakizisikia kambini, wanaume hawa walichukua vibuyu, wakatoboa tundu, wakaziba kwa utando wa buibui, wakavipuliza kwa sauti ya mtu anayeimba. Walivaa kaptura nyeupe zilizopigwa pasi, soksi ndefu, filimbi kifuani. Walikuwa na vyeo. Walikuwa na wapinzani wa kijiji cha pili, na siku ya kukutana vijiji vyote vilitoka.

Na wanawake wana kioda: sare moja, mistari iliyonyooka, hatua fupi za pamoja, wimbo unaojibizana.

Sasa tazama unachokishika. Safu, sare, kiongozi wa mbele, upinzani wa timu kwa timu, umati unaoitikia. Wamarekani wana kitu cha namna hii wanachokiita cheerleading, washangiliaji wa timu za shule, na dunia nzima inakifahamu kwa wasichana wa sketi fupi. Lakini kilianza bila msichana hata mmoja. Tarehe 2 Novemba 1898, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanafunzi wa kiume aitwaye Johnny Campbell alisimama mbele ya watazamaji wa mchezo na kuongoza kelele za kuipa timu nguvu. Wanawake waliingia pale Minnesota mwaka 1923. Kilichowafanya watu washangilie mwanzoni kilikuwa sauti na mpangilio. Sketi ilikuja baadaye, na pamoja nayo ugomvi usiokwisha. Mwaka 2005 mbunge Al Edwards wa jimbo la Texas alipeleka muswada wa kukataza uchezaji wa kuamsha tamaa katika timu za washangiliaji wa shule. Baraza la Wawakilishi la jimbo likaupitisha. Ukafia kwenye Seneti. Swali la nani apime kiuno kimezidi wapi likabaki pale pale.

Wewe huna haja ya kupima. Chukua mganda. Mtafute mzee mmoja aliyeucheza, mletee kiti kivulini, mpe chai na mihogo, mwombe awafundishe watoto hatua tatu tu. Atawafundisha kumi. Tafuta mama mmoja wa kioda, naye vivyo hivyo. Mkikosa vibuyu, chukueni vipande vya bomba la plastiki na karatasi laini. Sauti itakuwa ya ajabu na watoto watacheka wiki nzima.

Siku ya mashindano hakuna atakayeuliza kiuno kiko wapi. Watu watakuwa wanatazama miguu arobaini ikitua mara moja.

Jambo moja usilifanye. Usiwatenge wavulana kwenye mganda ukawaachia wasichana sehemu ya kupendeza. Changanya. Msichana mwenye sauti kali mpe filimbi awe kapteni. Mvulana mwenye mikono laini mweke kwenye kioda. Kikundi kilichochanganywa hakimwachi mtu yeyote akitazamwa kama pambo.

4. Nguo: anza kwa kumuuliza anayevaa

Watu wengi huanza nguo kwa kujadiliana wao kwa wao: inafika goti au haifiki? Hilo ni swali la watazamaji. La mtoto ni jingine kabisa: nikiruka, nitakuwa navuta nini?

Fanya hivi. Nguo ikishonwa ya mfano, moja tu, mpe mtoto aivae, mama yake au mwalimu wa kike akiwapo. Mwambie ainame aguse kidole cha mguu. Aruke mara kumi. Akae chini akunje miguu. Ainue mikono yote juu. Kisha muulize, na usimjibie. Akisema inapanda, inapanda. Akisema inabana kwapani, rudisha kwa fundi. Mtoto anayecheza huku mkono mmoja unavuta sketi chini hachezi. Anajilinda, na umati unaona.

Mbinu za fundi ni chache na rahisi. Shona bukta ya kitambaa kile kile cha sketi, ivaliwe ndani, ili hata sketi ikiruka kinachoonekana ni sare ile ile. Weka lastiki pana kiunoni, isiwe kamba ya kufungua na kufunga. Tisheti iwe ndefu ya kutosha kubaki ndani ya sketi mikono ikiwa juu. Mashirikisho ya michezo ya shule za sekondari Marekani yana kanuni inayofanana na hiyo, kwamba mshangiliaji akisimama wima tumbo liwe limefunikwa. Kibwebwe, ukikipenda, usikifunge nyongani ambako kazi yake yote ni kukuza mtikisiko. Kipitishe begani, kishuke kifuani kwa mshazari kama skafu ya kapteni. Kitambaa kile kile, bei ile ile, na jicho la mtazamaji limepanda usoni.

Taiti usizinunue kwa kufuata mkumbo. Kwenye msichana mdogo wa darasa la nne hazina neno. Msichana wa darasa la saba anayeanza kubadilika mwili anaweza kuzichukia na asikwambie. Muulize. Kama hataki, suruali ya kitambaa laini inacheza vizuri tu.

Halafu, hila yangu kuu: tumia baridi.

Lupingu iko ufukweni, ziwa likiwa chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Njombe uko karibu na mita 2,000. Mwezi wa Juni mtoto wa ziwani akishushwa kwenye gari pale asubuhi, meno yanagongana kabla hajajua amefika. Kwa hiyo mfadhili akija na fulana za kukata mabega na sketi za shibiri moja zenye jina la duka lake, usibishane naye juu ya maadili. Mtajikuta mnatukanana. Mwambie, "Mheshimiwa, tunashukuru sana, ila Njombe baridi. Tungeomba mikono mirefu na soksi." Ni kweli tupu, hakuna awezaye kuikana, na yeye ataonekana mwenye huruma. Jina la duka lake litaandikwa mgongoni, tena kwa herufi kubwa, maana mikono mirefu ina kitambaa kingi. Akikosa, Makambako ni njia panda ya barabara na reli, na sweta za mitumba hazikosekani. Chagua za rangi moja, na kama rangi hazilingani, fundi aongeze ukanda mmoja wa kitenge kwenye kola zote.

Usiogope kwamba nguo ya kusitiri itawapunguzia alama. Mwaka 2021 wachezaji wa kike wa jimnastiki wa Ujerumani waliingia mashindano ya Ulaya, kisha Olimpiki ya Tokyo, wakiwa wamevaa mavazi yaliyofunika miguu hadi kwenye kifundo, kwa hiari yao, na kanuni za mchezo ziliwaruhusu. Mwaka huo huo wachezaji wa kike wa Norway wa mpira wa mikono wa ufukweni walitozwa faini ya euro 1,500 kwa kuvaa kaptura badala ya bikini. Dunia ikawacheka waliotoza, si waliotozwa, na kabla mwaka haujaisha kanuni ilibadilishwa. Hawa ni watu wazima, mabingwa, na walihitaji ujasiri. Mtoto wako hahitaji ujasiri wowote ikiwa wewe umeshachagua vizuri kabla yake.

5. Ukishika rula, umepotea

Hapa sitatania.

Kuna mwalimu atakayekushauri uwapange wasichana mstarini, uwapime sketi, umtoe mbele ya wenzake aliyezidi, umwambie anawatamanisha watu. Usifanye. Heshima ya namna hiyo tuliwahi kuijaribu hapa nchini. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: vimini, mawigi, suruali za kubana na mkorogo viwe marufuku Dar es Salaam kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Kabla hata ya tarehe hiyo kufika, magenge ya vijana wa kiume yalikuwa Kariakoo yakisimamisha mabasi, yakiwapiga wanawake na kuwachania nguo. Yaani ili mwanamke astirike, walimvua. Ng'ambo ya ziwa letu, Rais Kamuzu Banda alitunga sheria mwaka 1973 iliyowakataza wanawake wa Malawi kuvaa suruali na sketi fupi, ikadumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kizazi kizima cha wasichana kilikua kikijua kwamba goti lake ni kosa la jinai.

Paja la mtoto halina hatia. Jicho ndilo lenye kujibu, na mkubwa aliyepanga jukwaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na mzigo wa kumlinda inautwisha watu wazima. Kwa hiyo maneno yako kwa watoto yawe ya kazi: nguo hii inakuwezesha kuruka, ile itakusumbua. Ukimwona msichana amekuja mazoezini na sketi aliyoikulia, usimwambie kitu mbele ya watu. Mwite mama wa kikundi, yaani mzazi wa kike uliyemwomba akusaidie, ampe kanga au bukta ya akiba kimya kimya. Weka bukta tatu za akiba kabatini kuanzia leo.

Na kama wewe ni mwanamume, mikono yako ibaki na filimbi. Mtoto akikosea mkao, mwonyeshe kwa mwili wako, usimrekebishe kwa kumshika. Nguo zifungwe na mama. Utasikia wanasema unajifanya. Waache waseme.

6. Tafuta mlango unaofungwa

Jambo hili ni fupi, lakini usiliruke. Watoto wetu hubadilisha nguo ndani ya gari, nyuma ya gari, chini ya miti, huku watu wakipita na simu. Siku moja kabla, piga simu shule wenyeji, uombe darasa moja lenye mlango. Beba doti mbili za vitenge na kamba kwa ajili ya madirisha. Wasichana kwanza, mama mlangoni. Wavulana baadaye, mwalimu mlangoni. Mkikosa darasa, watoto wasafiri wamevaa sare ndani ya sweta tangu asubuhi.

7. Weka chungu mbele

Sasa tufike kwenye kutunza, maana hapa ndipo mipango mizuri inapoharibikia.

Unajua inavyokuwa. Ngoma imenoga, mtu mzima anatoka kitini na noti ya elfu mbili, anaingia katikati ya watoto akicheza, anamkaribia mmoja, anambandika kwenye paji la uso, au anaichomeka kwenye mfunguo wa kanga. Wengi wao nia yao njema kabisa. Wachache hapana, na mtoto hawezi kuwachambua akiwa katikati ya hatua. Ukiwakataza kutunza, umeua shangwe na umekosa nauli ya kurudi.

Usiwakataze. Wape mahali pa kutunza. Mwambao wa Ludewa ni nchi ya Wakisi, na vyungu vyao vimesafiri kwa mitumbwi na meli ziwa zima tangu zamani. Nunua kimoja kikubwa, chenye nakshi, chenye mdomo mpana. Kiweke hatua tano mbele ya safu ya kwanza. Kila upande wake asimame mama mmoja mwenye kigelegele, na usichague mwenye haya.

Kisha muone mshereheshaji mapema, mpe maji ya kunywa, mweleze: kila atakayetia kitu chunguni atajwe jina na mahali anapotoka. Hapo umemaliza. Mtu hutunza ili aonekane. Ukimpa kuonekana kwa sauti kubwa, hana tena sababu ya kumfikia mtoto. Atacheza hadi kwenye chungu, akina mama watampokea kwa vigelegele, jina litatajwa, atarudi kitini akiwa mrefu zaidi ya alivyoondoka. Mwenzake ataona wivu na kuinuka na noti kubwa zaidi. Nakuhakikishia chungu hujaa kuliko mapaji ya nyuso.

Akitokea anayepita chungu na kuendelea kwa watoto, mmoja wa wale mama amshike mkono waanze kucheza naye hapo hapo. Atacheza na mama. Atageuzwa kwa furaha. Hakuna aliyeaibika.

8. Simu

Huwezi kuzizuia. Zipangie. Kabla ngoma haijaanza, simamisha watoto wote wima, wakitabasamu, mabango mbele, na mwambie mshereheshaji atangaze: dakika mbili za picha, wazazi na wageni wote karibuni. Watakuja mbio. Watapata walichokitaka, yaani picha ya kuweka kwenye statasi, na wengi wataweka simu mfukoni. Mpiga video mmoja wa kwenu asimame juu ya benchi, apige toka juu kidogo, kikundi kizima. Anayechuchumaa mbele ya safu ya wasichana na simu chini chini, mfuate wewe mwenyewe, mwite ndugu, mwombe arudi nyuma ya kamba, na simama hapo hadi arudi. Katika hili usimtume mtoto wala prefekti.

Video ya kikundi mkiirusha, majina ya watoto yasiandikwe. Jina la shule linatosha kumfurahisha mwalimu mkuu.

9. Sasa kosa kombe

Inawezekana mtashinda. Mganda wa watoto ulionyooka vizuri unaweza kumnyamazisha jaji yeyote. Lakini pia inawezekana kikundi kitakachofuata kitaingia na spika kubwa, wasichana wamefungwa vibwebwe, na uwanja utalipuka, na majaji ni watu wenye masikio.

Hili ulitarajie, uwaandae watoto usiku wa kuamkia siku ile. Waambie wazi kwamba kutakuwa na kikundi kitakachoshangiliwa zaidi, na kwamba kazi yenu wakati huo ni kupiga makofi. Msicheke, msikunje midomo, msiwaite watoto wale majina. Wao pia walipangiwa na mtu mzima. Binti yule wa mbele, kama angekuwa wako, angekuwa ndiye kapteni mwenye filimbi.

Matokeo yakisomwa, watoto wasimame mstari mmoja, wainamishe vichwa kidogo, waondoke kwa hatua ya mganda, ngoma ikipigwa. Hii ni hila pia: kikundi kinachotoka uwanjani kwa mpangilio huonekana kama kimeshinda, na wapiga picha hukifuata. Usikate rufaa. Usiongee na majaji siku ile. Ongea nao baada ya wiki, kwa barua yenye adabu, ukiomba kwamba vigezo vya mwaka ujao vitaje umri wa wachezaji na kufaa kwa mavazi na mitindo, na peleka nakala kwa afisa utamaduni wa wilaya. Barua moja haibadilishi kitu. Shirikiana na walimu wa shule tano mlizoshindana nazo, waandike na wao. Wengi walikuwa wanasubiri mtu aanze.

10. Hesabu za kurudi

Fungua chungu mbele ya wale mama wawili na mtoto mmoja wa darasa la saba anayejua hesabu. Andika. Nauli kwanza, kisha chakula. Njombe ni nchi ya viazi na parachichi. Nunua vya kutosha kila mtoto apeleke nyumbani kitu mkononi, hasa kama kombe halipo. Kinachobaki kinunue ngozi mpya za ngoma, na kidogo kiende kwa mzee aliyefundisha hatua tatu.

Mwalimu mkuu atakuuliza kwa nini hamkushinda. Mwonyeshe picha ya watoto wakiwa wamesimama wima na jina la shule juu ya bango, mwonyeshe hesabu ya chungu, na umwambie majina ya watoto wa darasa la nne waliokwisha kuomba nafasi ya mwakani. Kisha mwombe ufunguo wa stoo, ili ngozi zikifika zianze kuwambwa kabla shule haijafungwa.